Rekodi Zenye Watu

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Gathoni aliamka kabla yangu, akabandika chai. Halafu akafungua kifuniko cha gramafoni. Alichukua rekodi kwa kingo, kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bakuli la uji lililojaa. Akaifuta na kile kitambaa chake, kipande cha gagulo kuukuu, mkono ukizunguka na mistari. Akaiweka. Akashusha sindano.

Watu wakaanza kupiga kelele ndani ya nyumba yetu.

"Punguza," nikasema. "Majirani wamelala."

"Majirani wameamka," akasema, akaongeza sauti. "Kunywa chai, Baba Karanja. Watu wameingia."

Nikanywa. Magita yakaanza kulia. Nikatoka kwenda kufunga waya wa banda la kuku. Niliporudi alikuwa kwenye kiti chake, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kushoto hauna kazi tena. Rekodi ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza bure. Niliinua sindano, nikafunga kifuniko, nikaita gari. Hospitali walijaribu. Hakurudi Ruiru akiwa hai.

Ninaandika kwa sababu siku ya kumzika ilisomwa historia ya mtu mwingine.

Mimi sikwenda shule. Herufi nilizipata ukubwani, darasa la ngumbaru, jioni nikitoka kuchonga mawe Ndarugo. Nikikosea maneno mtanisamehe. Lakini huyu mwanamke nilimjua, na walioandika hawakumjua.

Gathoni alifuma nguo. Kiwanda kilikuwa Thika, Eneo la Viwanda. Aliingia akiwa msichana, akatoka siku kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Mashine yake ilipakana na ya Mbula, Mkamba wa Matuu. Miaka yote hiyo walizungumza kwa midomo na mikono, kwa sababu mle ndani hakuna aliyesikia mwenzake. Alikuwa akirudi nyumbani masikio yanavuma. Watu wa mtaa wakimsalimia na asiitike, walisema ana kiburi. Kiburi gani? Ni mashine.

Rekodi ya kwanza aliipata kabla hatujawa na gramafoni. Meneja wa shamba moja la kahawa alikuwa anahama, vitu vyake vikauzwa uwanjani. Gathoni alikwenda kutafuta sufuria. Akarudi na sufuria, na ndani ya sufuria, rekodi. Ganda lake lilikuwa na picha. Haikuwa ya waimbaji, ilikuwa ya watu. Uwanja mzima wa watu, mikono juu, wengine wamebebwa mabegani.

"Hii utaichezea wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Wewe tazama tu hawa watu."

Akaitundika ukutani. Ilikaa hapo mpaka baa moja ya Makongeni ilipofungwa, akanunua gramafoni yao. Haikuwa inaimba. Tukaipeleka kwa Fahim, mtengenezaji redio wa Thika. Wakati huo Fahim alikuwa kijana, ndio tu baba yake alikuwa amemwachia duka. Akaifungua, akatoa mende, akatoa vizibo vya bia, akaunga nyaya. Gathoni akaweka rekodi yake. Kabla ya gita, kabla ya ngoma, zikatoka sauti za watu. Watu wengi, kama mvua inayokuja juu ya mabati.

Gathoni akashika mdomo. "Ala! Kumbe wamo!"

Kuanzia siku hiyo alikusanya rekodi za namna hiyo tu. Roki, tena ile iliyopigwa jukwaani, watazamaji wakiwepo. Aliziita rekodi zenye watu. Zile nyingine, ambazo waimbaji wamejifungia wakaimba peke yao, aliziita za chumbani, na hakuzitaka hata kwa bure. Alizitafuta Githurai 45 kwa wauza vitu vikuukuu. Alizitafuta Kahawa Wendani, walimu wa chuo wakihama. Swali lake lilikuwa moja.

"Ina watu?"

"Mama, hiyo ina nyimbo," muuzaji anasema.

"Nyimbo nimesikia. Nauliza, ina watu?"

Kiingereza hakujua. Walichoimba hakujua mpaka anakufa. Aliwajua waliosimama chini. Katika ile rekodi ya kwanza kuna mtu anapiga mluzi mrefu kabla ya wimbo wa mwisho. Alimpa jina Njau, jina la kaka yake aliyekuwa akiita mbuzi kwa mluzi. Ukifika hapo aliinua kidole: "Njau huyo." Na wimbo ukiisha, watu wakishapiga makofi wakaanza kunyamaza, kuna mmoja anaendelea peke yake, pa, pa, pa. "Huyo ni Mbula," anasema. "Hata kiwandani alichelewa."

Baadaye vijana wa Nairobi walianza kuja, wenye ndevu zilizochanwa. Sijui nani aliwaambia. Mmoja aligeuza rekodi, akamulika namba ndogo karibu na tundu kwa simu, akaruka.

"Shosho! Unajua hii ni chapa ya kwanza? Yaani ile original kabisa?"

"Ya kwanza, ya pili, watu si ni walewale?"

"Shosho, hii nitakupa chochote unataka."

"Nataka ukunywe chai yako uende."

Akanywa, akaenda. Gathoni hakuuza hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mbula alipokufa tulikwenda Matuu kumzika. Tulisimama juani, wakasoma hiki, wakasoma kile, kila mkubwa akashika maikrofoni. Hakuna aliyesema kwamba Mbula alikuwa anaweza kuchekesha jiwe. Tulipokuwa tunarudi, Gathoni aliangalia barabara mpaka tukavuka daraja. Halafu akasema, "Baba Karanja, siku yangu wakishafukia, uniwekee Njau. Wasipotaka wimbo, basi ule mwisho tu, watu wakipiga makofi. Nimefuma, nimezaa, nimelima. Hakuna mtu amewahi kunipigia makofi hata siku moja."

Nikasema ndiyo. Mtu akisema ndiyo kwa mke wake, ni ndiyo.

Kwetu, mtu akifa, wanawake wa mtaa huja kusafisha nyumba. Wageni watakuja, mwili utapita, hakuna kitu kitakutwa na vumbi. Wanafua mapazia, wanasugua viti, wanaosha mpaka globu ya taa. Ni heshima, na mimi siikatai. Siku waliyokuja, mimi na Karanja, mtoto wetu anayekaa Githurai, tulikuwa Thika mochari. Tuliporudi ilikuwa saa saba, jua kali. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wanaimba. Nikazunguka kuwashukuru.

Kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya sufuria na vifuniko, rekodi za Gathoni zilikuwa zimeanikwa. Zote. Zinang'aa, maji yanachuruzika. Zile za pembeni zilikuwa zimeanza kujikunja kama chapati.

Kui, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja mbio, waya wa kusugulia mkononi.

"Baba Karanja, umefika! Ona, hata hivi vitu vya Mama Karanja tumeviosha. Vilikuwa na uchafu wa mistari mistari, haukutaka kutoka! Tumesugua mpaka mabega yanauma."

"Umesugua na nini, Kui?"

"Na waya, na sabuni ya unga. Ile sugu nikaongeza jivu kidogo."

"Hiyo mistari ndiyo nyimbo."

Akacheka kidogo, akidhani namtania. Halafu akaona uso wangu. Akatazama waya, akatazama kichanja.

"Ngai," akasema. "Ngai fafa."

"Hiyo mistari ndiyo watu!" Nilipiga kelele. Sikumbuki lini nilipiga kelele hivyo. "Hao mmewasugua na jivu!"

Nyimbo zikakatika. Mwingine akasema, "Baba Karanja, pole, hatukujua."

"Kama hamkujua, kwa nini hamkuuliza? Mwenye nyumba akifa, mkono wa mgeni unapaswa kuogopa!"

Kui alikaa chini kwenye tope la sabuni. Akalia na waya wake mkononi. Mimi sikumwambia nyamaza. Nilikuwa natafuta maganda. Niliyakuta jikoni. Mengine walikuwa wanapepea nayo moto. Lile la uwanja lilikuwa mezani, limewekwa chini ya sufuria ya githeri. Katikati ya wale watu, duara jeusi.

Karanja alinifuata. "Baba, tulia. Hizo nyimbo zote ziko kwa simu. Ona." Akabonyeza, akanisogezea. Nikasikiliza. Gita lilikuwa lile. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ile. Nikangoja.

"Njau yuko wapi?"

"Njau gani, Baba?"

"Mwenye mluzi. Na watu wako wapi?"

"Si ni wimbo tu? Ni huohuo."

"Hii ni ya chumbani," nikasema, nikamrudishia simu yake. Mtoto amekua ndani ya nyumba hii. Amekunywa uji watu hao wakipiga kelele. Hajui.

Ndipo nikakumbuka. Nikaenda kwenye gramafoni, nikainua kifuniko. Nje walikuwa wameipangusa vizuri. Ndani hawakufungua. Rekodi ilikuwa palepale nilipoiacha asubuhi ile, na ilikuwa ni ile ya uwanja. Nikafunga, nikakaa mbele yake mpaka wanawake wote wakaenda.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana kwangu kila jioni. Mwenyekiti alikuwa Jeconia, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata jua likiwaka. Jioni hiyo akasoma historia ya marehemu kwenye simu, ipelekwe kuchapishwa.

"'Mama Gathoni alikuwa mnyenyekevu, mpole, mpenzi wa nyimbo za injili...'"

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mke wako, mzee."

"Huyo simjui."

Watu wakatazama chini. Jeconia akaweka simu gotini. "Mzee Kang'ethe, tunaelewa una uchungu."

"Uchungu ninao. Na masikio ninayo. Andika kwamba alikusanya rekodi za roki zenye watu. Andika alizitafuta Githurai na Wendani. Andika na Njau."

"Njau ni ndugu?"

"Ni mtu anayepiga mluzi."

Mtu mmoja akakohoa. Jeconia akatabasamu, lile tabasamu la kumbembeleza mtoto. "Mzee, mama wa rika lile, na wale wanaume wa nywele ndefu, muziki wa shetani! Tukisoma hivyo, watu watasema nini?"

"Watasema ni Gathoni."

"Baba," Karanja akasema polepole, "tusijiletee maneno."

Nikawaambia juu ya makofi, kwamba aliomba. Hapo Jeconia aliacha kutabasamu.

"Makofi kaburini? Pale ni mahali pa machozi. Makofi ni ya harusi."

"Kila Jumapili mnapiga makofi."

"Hayo tunampigia Mungu."

"Mikono si ni hii hii?"

"Mzee, pumzika. Kazi ya kuandika tuachie sisi wenye kalamu."

Wenye kalamu! Alisema hivyo nyumbani kwangu, amekalia kiti nilichonunua, mkononi chai yangu.

Tulimzika Gatuanyaga, kwenye kashamba ketu ng'ambo ya Thika. Rekodi nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye shuka, nimeishika kwapani. Vijana wa vipaza sauti walikuwa na mashine ya kuchezea rekodi, nilikuwa nimeuliza. Nilipowafikia, kijana akaangalia pembeni. "Mzee, tumeambiwa na mwenyekiti tusiweke kitu yoyote haiko kwa programu." Hakuwa na makosa. Anatafuta mkate wake.

Mpenzi wa nyimbo za injili akasomwa. Mpole akasomwa. Gathoni mpole! Mwanamke aliyemtoa msimamizi wa kiwanda mlangoni kwetu kwa mwiko. Wakanipa maikrofoni niseme asante kwa waliokuja.

Nikasema, "Hiyo historia mliyosomewa si ya Gathoni. Gathoni aliomba..."

Maikrofoni ikatoka mkononi mwangu. Sikuona hata mkono ulioichukua. Mshereheshaji alikuwa tayari anasema, "Tumwombee mzee wetu, ana majonzi mazito," na kwaya ikaanza. Watu wakaitikia. Udongo ukaingia. Nikasimama na shuka langu kwapani kama mtu aliyekuja sokoni akakuta soko limefungwa.

Nauliza, na anayejua anijibu. Mtu akifa, maisha yake yanakuwa mali ya kamati? Wanayapiga sabuni, wanayasugua na jivu, wanaondoa mistari, halafu wanakuonyesha yanavyong'aa? Kui alifanya hivyo kwa rekodi kwa sababu hakujua. Jeconia alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Na aliyelia ni Kui.

Baada ya mazishi Fahim alikuja kunipa pole. Amezeeka sasa, miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alisoma dua yake kimya, akauliza rekodi ziko wapi. Nikamtolea. Alizishika moja moja, akizielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amefanya hivi, Mzee wangu?"

"Heshima," nikasema.

Akaziweka chini. Hakucheka. "Hakuna iliyobaki?"

Nikamwonyesha ile moja. Nikamweleza na ahadi.

"Huko shambani kuna stima?"

"Hakuna."

"Betri ya gari ninayo. Inveta ninayo. Spika ninayo." Akahesabu kwa vidole kama mtu anayejibishana. "Sasa shida iko wapi? Wewe uliahidi siku gani?"

"Wakishafukia."

"Si wameshafukia?"

Niliangalia huyu mtu. Siku zote hizo nilikuwa nimekasirika nikidhani saa imepita.

Karanja ndiye mwenye gari. Nilimpigia simu, nikamwambia, sikumwomba. Akasema, "Baba, mimi nilikuwa tu sitaki maneno."

"Maneno yamekuwepo. Lete gari."

Akaleta. Tulipokuwa tunapakia gramafoni, Kui alikuwa amesimama langoni, amevaa nguo ya kanisa. Mkononi alikuwa na rekodi moja, ile ya chini kabisa ya kichanja. Alikuwa ameilaza chini ya godoro na mawe juu yake tangu siku ile. Ilikuwa imenyooka karibu yote.

"Najua haiimbi," akasema. "Lakini imenyooka."

Sikuwa nimesamehe, na sitaandika hapa kwamba nilisamehe. Nilisogea kwenye kiti cha nyuma. Akaingia.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujatulia. Kando yake nilikuwa nimeshapanga mawe niliyochonga mwenyewe. Tukaweka gramafoni juu ya mawili yaliyo sawa. Fahim akaunga nyaya, akapima kwa kiganja kama imelala vizuri. Nilifuta rekodi na kile kipande cha gagulo, nikizungusha mkono. Nikashusha sindano.

Watu wakaingia Gatuanyaga. Ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe ng'ambo ya ua akasimama na jembe lake, akauliza, "Kwani ni krusedi ya injili?"

"Ni mazishi," Fahim akamjibu.

"Si mlizika?"

"Tunamalizia."

Nyimbo zikapita. Magita yalilia kama yalivyokuwa yakinikera miaka yote. Halafu mluzi ukaja, mrefu, ukapanda, ukashuka. Karanja akainua kichwa haraka.

"Huyo ndiye Njau?"

"Ndiye."

"Lakini huyo namjua," akasema. "Huyo nilikuwa namsikia nikiwa mtoto. Nilidhani ni mtu wa mtaa."

Wimbo wa mwisho ukaisha. Makofi yakaja, yale ya uwanja mzima, mazito, yakajaa juu ya udongo ule na mawe yangu. Kui akaweka ile rekodi yake chini, akaanza kupiga na yeye, polepole kwanza, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Halafu kwa nguvu. Fahim akapiga. Yule mama akaegemeza jembe, akapiga bila kujua ni ya nini. Mikono yangu ya mawe haitoi sauti nzuri, lakini niliipiga.

Kwenye rekodi watu wakaanza kunyamaza. Karanja alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Akainama, akapeleka vidole kwenye sindano kuiinua.

Nikamshika mkono. Alikuwa bado mmoja, peke yake, amechelewa, pa, pa, pa. Na mimi nilikuwa nikifanya vilevile kila siku, nina haraka ya kimya changu, na kila siku mama yake aliniambia maneno haya, na hayo ndiyo nilimwambia:

"Baba Karanja, usitoe sindano. Watu bado hawajatoka."